MAONI: Kabla ya kuchangia safari ya mvinyo, zunguka kwanza mashamba ya kahawa ya Ruiru na Thika

Kuna kundi la WhatsApp la watu niliosoma nao shule ya upili. Wiki jana mmoja wetu alituma video ya vijana wako Stellenbosch, Afrika Kusini, glasi mkononi, mizabibu nyuma yao imenyooka kama mistari ya daftari. Chini akaandika: "Wasee, Desemba twende ziara ya mvinyo. Tuchague viwanda vitatu." Ndani ya saa moja watu walikuwa wameshaahidi michango. Hakuna aliyeuliza tunaenda wapi hasa.

Mimi niliuliza. Naishi Ruiru, niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokwama, na tangu hapo nimezoea kuuliza bei kabla ya kukaa mezani. Nikaambiwa mimi ni mtu wa kuharibu raha. Basi wacha nikuambie wewe msomaji, labda utanisikia kuliko wao.

Mvinyo wa kwetu upo, si ati haupo. Naivasha kuna shamba la Morendat, na zabibu za huko ndizo zinazotengeneza mvinyo wa Leleshwa. Ukivuka mpaka, Dodoma ndipo penyewe: mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu huku karibu na ikweta hakuna baridi kali ya kuulaza mti, kwa hivyo mkulima huuamsha mwenyewe kwa kuupogoa. Hata hapa Ruiru, kampuni ya KWAL ina kiwanda chake Tatu City. Lakini neno kiwanda lisikudanganye. Kiwanda ni matangi, chupa na malori. Zabibu za kupigia picha hutaziona pale.

Sasa hebu jiulize, wale wa kwenye video walifuata nini? Mvinyo wenyewe unauzwa supamaketi. Walichofuata ni kuuona mmea ukiwa shambani, kukanyaga udongo wake, kuonja pamoja na mtu aliyeutengeneza, na kuelezwa ni kwa nini wa mteremko huu una ladha tofauti na wa ule wa ng'ambo ya mto. Hayo yote yako hapa, nauli ya matatu tu. Sema yanaitwa kahawa, na sisi tumezoea kuipita tukiangalia simu.

Ukipanda 145 ya Ruiru au 237 ya Thika, unapita juu ya historia ya zao hili. Wazazi wa Elspeth Huxley, yule aliyeandika kitabu cha The Flame Trees of Thika mwaka wa 1959, walikuja Thika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kulima kahawa. Hoteli ya Blue Posts, pale kwenye maporomoko ya Chania, ilianza 1908, na walowezi wa aina hiyo walikuwa miongoni mwa wateja wake. Nje kidogo ya mji wa Ruiru ndipo ilipo taasisi ya utafiti wa kahawa, ambayo siku hizi iko chini ya KALRO. Mwaka wa 1985 watafiti wake walitoa aina ya mbuni inayostahimili ugonjwa wa CBD, ule unaoozesha matunda yangali mabichi, wakaiita Ruiru 11. Wakaangaji wa kahawa ng'ambo huandika jina hilo kwenye pakiti zao. Sisi tunaokaa hapa, Ruiru ni mahali pa kushukia.

Kwa hivyo swali la rafiki yangu ni zuri, amekosea tu mmea. Tuchague mashamba gani?

Mara yangu ya kwanza nilichagua vibaya. Nilifuata picha. Shamba moja, sitalitaja, lilikuwa na bembea ya maua, ukuta uliochorwa mabawa ya malaika, na bei iliyonifanya nikope kwa simu. Tulizungushwa dakika ishirini na kijana ambaye, nilipomuuliza miti ile ni ya aina gani, alinijibu "ni ya kahawa." Kisha tukaketi chini ya mwavuli, tukaletewa maji moto, maziwa, na mkebe wa kahawa ya unga wa kukoroga. Manze! Nimezungukwa na miti ya kahawa pande zote nne, nakunywa ya mkebe. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku hizi kuna mashamba ambayo kahawa ni pazia la nyuma tu.

Tangu hapo huwa napiga simu kwanza, na swali langu la kwanza si bei. Nauliza: tutaonja kahawa ya shamba lenyewe? Na si kikombe kimoja cha kukaribishwa, namaanisha kuonja kwenyewe: vikombe vimepangwa, kahawa imesagwa, unanusa ikiwa kavu, maji moto yanamiminwa, unasubiri dakika nne hivi, unavunja povu kwa kijiko, kisha unaivuta kwa kelele mpaka ikutawanyikie mdomoni. Kelele ndiyo adabu yenyewe hapo, usione haya. Ukiwekewa SL28 kando ya Ruiru 11, hata wewe uliyekulia kwenye chai ya maziwa utasikia tofauti. SL28 ilichaguliwa na watafiti wa Scott Laboratories, Kabete, miaka ya 1930, na ina ukali fulani wa matunda ambao mara ya kwanza nilidhani kikombe hakikuoshwa vizuri. Mara ya tatu sikutaka kingine.

Swali la pili: kuna kazi gani shambani wiki hiyo? Hili watu wengi hulisahau. Zao kubwa la huku kwetu huiva kati ya Oktoba na Desemba, na katikati ya mwaka kuna zao dogo. Ukienda wakati huo utakuta matunda mekundu yanachumwa kwa mkono, yanachaguliwa, yanamenywa kwa mashine siku hiyo hiyo, yanachachushwa kwenye matangi, yanaoshwa kwenye mitaro, kisha yanaanikwa kwenye vitanda vya waya kwa wiki mbili au zaidi. Ukienda wakati hakuna kitu, utaoneshwa mashine iliyolala na vitanda vitupu, na utalipa bei ile ile. Kuna siku chache tu baada ya mvua ambapo mibuni huchanua yote pamoja, meupe matupu, harufu kama ya asumini. Ukiziwahi, una bahati.

La tatu ni nani atakayekuzungusha. Mtu wa masoko atakuambia kahawa ya Kenya ni bora duniani, halafu basi. Mtu wa shamba atakuambia kwamba kilo moja ya kahawa iliyo tayari kukaangwa hutokana na kilo sita au saba za matunda, kwamba AA si daraja la utamu bali ni ukubwa wa punje, na kwamba ile inayokauka mtini au kuokotwa chini huitwa mbuni na bei yake ni ya kuhurumiwa. Mwombe huyo, hata kama Kiswahili chake kimechanganyika na Kikuyu na hana kofia yenye nembo.

Karunguru, huku Ruiru, ni shamba ambalo hupokea wageni, na Fairview iko upande wa Kiambu kwa anayetaka kwenda mbali kidogo. Ushauri wangu ni mashamba mawili kwa siku, yasizidi. La tatu hutalionja, utalivumilia tu, maana moyo utakuwa unadunda kama spika za matatu. Kama mnaweza, chagueni moja kubwa na moja la chama cha ushirika, juu kidogo kuelekea Gatundu, ambako wakulima wadogo huleta debe zao kwenye kiwanda cha kijijini. Huko si mahali pa utalii. Mtaomba ruhusa kwa meneja na kununua kitu mkiondoka. Na tofauti na safari ya mvinyo, hata aliye na miaka 17 anaweza kuja, na dereva anaonja pia.

Mbona nimekomaa hivi na kahawa? Kwa sababu ya shosho. Alichuma kahawa kwenye shamba kubwa upande wa Thika tangu akiwa msichana, akilipwa kwa debe. Babake hakuruhusiwa kupanda hata mti mmoja wa kwake. Sheria za mkoloni ziliwafungia Wakikuyu zao hili hadi miaka ya 1950, likabaki la mzungu. Shosho anajua kuangalia tunda akakuambia litaiva siku gani. Lakini nilipomuuliza kahawa waliyokuwa wakichuma ilikuwa na ladha gani, alicheka. Ilikuwa inaenda Nairobi kwa gunia. Nyumbani walikunywa chai.

Shamba lile halipo tena, ni nyumba za kupanga za ghorofa tano. Tatu City nayo imejengwa kwenye mashamba ya kahawa, na tangu Thika Road mpya ikamilike 2012, kila mwenye ekari mbili amepigiwa simu na dalali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilivuna zaidi ya tani 120,000 za kahawa kwa mwaka. Siku hizi tunazunguka tani 50,000, wakati mwingine chini ya hapo. Siwalaumu waliouza, mimi mwenyewe nimepanga chumba juu ya mibuni iliyong'olewa. Ila shamba linalopata pesa za wageni juu ya zile za mnada lina sababu moja zaidi ya kumwambia dalali asubiri. Ndiyo maana nataka pesa zetu za Desemba ziende kwa shamba lenye miti, si kwa lile lenye mabawa ya malaika.

Safari iliyopita nilimletea shosho robo kilo ya SL28 iliyokaangwa siku hiyo. Nilimchemshia bila kitu, nikamweleza habari ya matunda na ukali. Akanusa, akanywa nusu kikombe, akanyamaza. Kisha akaongeza maziwa na sukari vijiko vitatu, akasema sasa inanyweka.

Tumekubaliana kukutana steji ya Ruiru, Jumamosi ya pili ya Novemba, saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali na wachumaji wakiwa bado shambani. Viatu vya kufunga, tafadhali, udongo mwekundu hauna huruma na raba nyeupe. Watu wanne wameshalipa. Yule wa Stellenbosch amesoma ujumbe, bado hajajibu.