Nyama Irudi Kuwa Kitoweo

Saa saba mchana, wabeba mizigo wa soko la Kariakoo, Dar es Salaam, hutua kula. Siku moja nilikaa benchi moja na kijana aliyekuwa ameshusha magunia ya mchele tangu alfajiri. Vumbi la gunia lilikuwa limemganda shingoni kama poda. Aliagiza ugali maharage, mchicha pembeni, akamwomba mama lishe amwongezee mchuzi. Alimega tonge, akalifinyanga taratibu, akalitia shimo kwa dole gumba na kuchotea maharage. Sahani nzima haikuwa na kipande cha nyama. Alipomaliza alinawa, akanywa maji, akarudi kwenye lori.

Jioni ileile kijana mwingine, wa mtaani kwetu, anayenyanyua vyuma, aliniambia kuwa amekopa pesa ya nyama. Anayemfundisha mazoezi amemwagiza nusu kilo kila siku, la sivyo misuli haitajaa. Hana kazi ya kudumu. Anaamini kwa dhati kwamba akikosa nyama siku tatu, jasho lake lote limekwenda bure.

Ubishi wa nyama na mimea umeingia kwetu kupitia simu za mkononi, na umeingia na makundi yake mawili. Kundi moja linasema mtu wa shughuli hana nguvu bila nyama. La pili linasema nyama ni sumu, tuache kila kitokanacho na mnyama. Yote mawili yanazungumza kana kwamba sisi tumeanza kula jana. Lakini sikiliza tunavyosema wenyewe. Mtu wa bara akirudi nyumbani huuliza, "Leo mboga nini?" na jibu linaweza kuwa nyama, dagaa, kisamvu au maziwa. Chakula ni ugali, wali, ndizi au muhogo. Kinachobaki ni kitoweo, kitu cha kuteremshia tonge. Nyama kwetu ilikuwa na cheo hicho, na ninaamini kilikuwa cheo sahihi kwa mwili unaofanya kazi.

Ushahidi wa karibu kabisa uko kwenye Bonde la Ufa, Kenya. Mwaka 2004, Vincent Onywera na wenzake walichapisha utafiti wa wakimbiaji kumi wa mbio ndefu wa kiwango cha juu, ambao kila walichokula kwa siku saba kilipimwa kwenye mizani. Asilimia 86 ya nishati yao ilitoka kwenye mimea na asilimia 14 kwa wanyama. Wanga peke yake ulibeba zaidi ya robo tatu ya nishati yote. Vyakula vyenyewe ni vile unavyovijua: ugali, mkate, wali, viazi, uji, kabeji, maharage, na chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Nyama ya ng'ombe ilikuwepo, kidogo, siku chache katika wiki. Protini waliyopata ilikuwa gramu 75 hivi kwa siku, sawa na gramu 1.3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili, na kiasi hicho kimo ndani ya kile wataalamu wa lishe ya michezo wanachopendekeza, yaani gramu 1.2 hadi 2.0.

Sababu yake haina uchawi. Misuli inayokimbia au kupandisha gunia ngazini hutumia kwanza sukari iliyohifadhiwa humo ndani, na sukari hiyo hutokana na wanga. Nyama haina wanga wa kutajika. Anayeijaza sahani kwa nyama na kuupunguza ugali kwa kuogopa kunenepa, kesho yake atashangaa miguu ikiwa mizito kilomita ya nane. Kwa hiyo yule wa Kariakoo, katika jambo hili, anakula kama bingwa.

Sasa upande wa wapenda nyama una hoja, na ni hoja ya muda mrefu hapa hapa Afrika Mashariki. Mwaka 1931 ilichapishwa ripoti ya John Boyd Orr na J. L. Gilks iliyolinganisha Wamaasai, waliokula maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokula nafaka, viazi vitamu na maharage. Mwanamume wa Kimaasai alikutwa, kwa wastani, ni mrefu zaidi kwa inchi 5, mzito zaidi kwa ratili 23, na nguvu zake kwenye kipimo cha misuli zilizidi kwa asilimia 50. Orr baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na kupata Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 1949, kwa hiyo maneno yake yalikuwa na uzito. Wapenda nyama wakiifahamu ripoti hii watasema kesi imekwisha.

Mimi nasema haijaisha. Kwanza, wale ni watu wa asili mbili tofauti. Urefu wa Mmaasai haukuletwa na nyama peke yake, kama ambavyo urefu wa Mdinka wa Sudan Kusini hauelezwi na chungu chake tu. Pili, Wakikuyu waliopimwa miaka ile walikuwa watu walionyang'anywa ardhi nzuri na walowezi na kusukumwa kwenye kazi za vibarua. Ukimpima mtu aliyepokonywa shamba kisha ukalaumu mahindi, umepima dhuluma ukaiita lishe. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, ripoti yenyewe iliona kwamba wanawake wa Kikuyu walikula majani ya mboga kwa wingi kuliko waume zao. Yaani hata mlo wa mimea haukuwa mmoja, na wenye majani si sawa na usio na majani. Na tusisahau kwamba Mmaasai hakuwa akichinja kila siku. Ng'ombe ndiye benki yake. Kilichomlisha siku baada ya siku ni kibuyu cha maziwa.

Hata hivyo siwezi kuifunga ripoti ile na kuitupa, kwa sababu kuna utafiti wa baadaye, wa uangalifu zaidi, unaonizuia. Ulifanyika Embu, Kenya, kuanzia mwaka 1998, ukiongozwa na Charlotte Neumann wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, pamoja na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Shule 12 za msingi ziligawanywa makundi. Baadhi ya watoto walipewa githeri, yale mahindi na maharage ambayo sisi Tanzania tunayaita makande, yakiwa yameongezwa mafuta. Wengine walipewa githeri na glasi ya maziwa. Kundi jingine lilipewa githeri iliyotiwa nyama ya kusaga, gramu 60 hadi 85 tu. Kundi la mwisho halikupewa kitu wakati wa utafiti. Nishati ya milo ilisawazishwa, ili isije ikawa anayeshinda ni aliyeshiba zaidi.

Waliokula githeri yenye nyama walijenga misuli ya mkono zaidi kuliko wenzao, walifanya vizuri zaidi kwenye jaribio la kufikiri, na uwanjani ndio waliokimbia zaidi, waliothubutu kuanzisha michezo na kuwaongoza wengine. Maziwa nayo yalisaidia, hasa kuongeza urefu wa wadogo waliodumaa. Gramu 60 ni kiasi gani? Ni vijiko vikubwa vichache vya nyama ya kusaga, vinavyoweza kukaa katikati ya kiganja cha mtoto. Hakuna mtoto aliyelishwa nyama choma. Walilishwa kitoweo, kikaonekana kwenye mbio zao.

Kinachofanya kipande kidogo kiwe na kazi kubwa kinafahamika. Protini ndiyo inayotajwa kila mahali, na kwa kweli ndiyo rahisi kuipata. Mahindi yana upungufu wa kijenzi kimoja cha protini kiitwacho laisini, maharage yanacho kwa wingi. Vikikutana chunguni vinakamilishana. Hesabu ya mtu wa kilo 70 si ngumu: nusu kilo ya unga kwa siku ni takriban gramu 40 za protini, gramu 200 za maharage makavu zaidi ya 40, karanga za kiganjani 7, kikombe cha maziwa 8. Umekaribia gramu 100 bila kwenda buchani. Hata kwa wanyanyua vyuma hali ni hiyo. Mwaka 2021 watafiti wa São Paulo, Brazil, waliwafanyisha mazoezi vijana wa kiume 38 kwa wiki 12, nusu yao wasiogusa chochote cha mnyama, wote wakifikishiwa gramu 1.6 za protini kwa kilo. Misuli na nguvu viliongezeka sawa. Ni haki kusema kwamba wale wa mimea walitumia unga wa protini ya soya kufikia kiwango hicho. Bila hesabu wasingefika. Lakini yule kijana wa mtaani kwetu hana sababu ya kukopa. Kilo moja ya nyama inanunua zaidi ya kilo mbili za maharage.

Kazi ngumu iko kwenye madini ya chuma na vitamini B12. Chuma ndicho kinachoiwezesha damu kubeba oksijeni. Kimo kwenye maharage na mchicha, ila mwili unakifyonza kwa taabu, tofauti na cha nyama. Namna za kukisaidia bibi zetu walizijua bila maabara: kuloweka maharage usiku kucha na kumwaga maji yake, kuuacha uji uchachuke, kukamulia limau kwenye mboga za majani. Nyama nayo, hata ikiwa kidogo, ikiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kufyonza chuma cha hayo maharage. Chai hufanya kinyume. Kikombe cha chai ya rangi juu ya ugali maharage ni desturi yetu tamu, lakini kinakifunga chuma. Ingesubiri saa moja au mbili.

B12 haina njia ya mkato. Mimea haina. Mtu mzima anahitaji kiasi kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na maini, samaki, maziwa na mayai vinayo. Ini la mwanadamu huweka akiba yake kwa miaka, na hapo ndipo hatari ilipo. Aliyeacha vyote leo atajisikia mwepesi mwaka mzima na kuwatolea wenzake ushuhuda, kisha uchovu na ganzi za miguu vitamjia wakati ameshasahau alichobadilisha. Wapo wanariadha wakubwa wasiokula kitu cha mnyama; Mmarekani Scott Jurek alishinda mbio za maili 100 za Western States mara saba mfululizo, 1999 hadi 2005. Siwapingi. Anayechagua njia hiyo kwa imani yake au kwa huruma kwa wanyama anaweza kufika, mradi ameze vidonge vya B12 au ale vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo, na apime damu. Kwetu wengi hawavinunui vidonge hivyo wala hawapimi damu hadi waanguke.

Ndugu yangu mmoja wa kike alijiandaa kwa mbio za kilomita 21. Aliacha nyama, samaki, maziwa na mayai kwa mpigo, kwa kuona video. Chakula chake kikabaki wali, chapati na kachumbari, na chai mara nne kwa siku. Miezi michache baadaye akawa anatweta akipanda ngazi za ghorofa ya pili. Kipimo kikaonyesha damu imepungua. Hakuangushwa na mimea. Aliangushwa na kuondoa bila kuweka: maharage hakuongeza, majani hakula, chai hakuipunguza. Na mwanamke mwenye siku zake anahitaji chuma zaidi ya mara mbili ya mwanamume, miligramu 18 dhidi ya 8.

Hapo ndipo ninapoona kosa letu kubwa zaidi. Nyama iliyopo mezani tunaigawa kinyume na mahitaji. Baba anawekewa firigisi na mapande yaliyonona, wageni wanafuata, watoto wanapata mchuzi, na msichana aliyechota maji ndoo nne na kukimbia kwenda na kurudi shule anapata mfupa. Huku kaka zetu baada ya kazi wanakaa baa na kilo ya mbuzi choma kwa watu wawili, kiasi ambacho mwili wao hauna pa kukipeleka. Nyama nyekundu yenyewe ina onyo: mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliweka soseji na nyama nyingine za kusindikwa katika orodha ya visababishi vya saratani, na nyama nyekundu katika orodha ya vinavyodhaniwa kusababisha.

Uamuzi wangu basi ni huu. Mtu wa shughuli, awe mkimbiaji, mkulima, dereva wa mkokoteni au mama wa nyumbani, ajaze sahani kwa mimea: wanga wa kutosha, kunde au maharage au dengu kila siku, majani ya kijani, tunda. Kisha pembeni kidogo cha mnyama: dagaa waliwao wazima na mifupa yao, yai, kikombe cha mtindi, na nyama mara mbili tatu kwa wiki, vipande vya ukubwa wa kitoweo. Mla nyama wa kila siku apunguze. Asiyeipata kabisa aongezewe.

Na wewe unayepakua chakula nyumbani, leo jioni chungu kikiepuliwa, anza na sahani ya binti na ya mtoto anayekua. Wawekee kipande chao kabla ya baba kunawa.