Wimbo wa Majengo Utasikika Lini Redioni?

Ukipita Majengo ya Meru saa za alasiri, hutatembea hatua ishirini pasipo kusikia redio. Iko kwa kinyozi, iko kwa fundi wa viatu, iko kwa mama auzaye chai na maandazi, na iko ndani ya matatu inayongoja abiria. Ndivyo yalivyo pia Majengo ya Embu. Jina hili limeenea katika miji mingi ya nchi yetu, na kila lilipo aghalabu utaukuta mtaa wa watu waliochanganyika kwa makabila na kwa dini, ambao lugha yao ya kibarazani na dukani ni Kiswahili. Lakini katika redio zote hizo zinazorindima kutwa kucha, ni nadra mno kuusikia wimbo wa kijana wa Majengo yenyewe.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye alinijia nyumbani jioni moja, simu mkononi, akaniomba nisikilize wimbo wake. Ni wimbo kuhusu mama yake, auzaye nguo za mitumba katika soko la Gakoromone. Ameuimba kwa Kiswahili chepesi, na hapa na pale ametia neno la Kimeru kama mtu atiaye chumvi. Nimesikia nyimbo nyingi za wanafunzi katika miaka yangu ya ualimu, na sikuona haya kumwambia kuwa huu ni mzuri. Ndipo akanieleza yaliyompata. Alikuwa amempa mtangazaji wa kituo fulani shilingi elfu tatu ili wimbo upigwe. Ukapigwa kweli, mara moja tu, saa tisa za usiku. Yeye na mama yake walikuwa wamekesha wakiungojea. Wimbo ulipokwisha, mtangazaji hakulitaja jina la mwimbaji.

Sikumkemea, ingawa kutoa hongo ni kosa na nilimwambia hivyo. Nilijiuliza swali jingine: ni nani aliyemfundisha kijana huyu njia ya halali? Sisi walimu wake hatukumfundisha. Tulimfundisha kuhesabu mizani ya shairi na kusimama wima jukwaani, kisha tukamwacha mlangoni.

Yafaa wanafunzi wafahamu kwamba mambo hayakuwa hivi siku zote. Zamani redio yenyewe ndiyo iliyokuwa studio. Huko Tanzania, Redio Tanzania Dar es Salaam ilizirekodi bendi katika studio zake na kuzitangaza kutoka kwenye kanda zake, hata hazina ile ikawa kumbukumbu ya muziki wa taifa zima. Mwanamuziki alihitaji gitaa na mazoezi. Mengine yalikuwa kazi ya redio. Leo kijana hulipa studio kwa fedha zake, humlipa mtayarishaji, hulipia picha ya jalada, na akifika redioni hudaiwa tena. Mzigo wote umetoka begani mwa tajiri ukawekwa begani mwa mnyonge.

Si kwamba serikali haikupata kujaribu. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya iliagizwa kwamba sehemu kubwa ya muziki inaoupiga, asilimia 75, iwe ya Kenya. Agizo hilo halikudumu. Lilifutwa upesi, na muziki wa ng'ambo ukarudi kwenye kiti chake. Mwaka 1984 tume ya rais kuhusu muziki, iliyoongozwa na Washington Omondi, ilitoa ripoti yake, na kutokana nayo ikaundwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki mwaka 1988. Mwaka uliofuata Sauti ya Kenya ilirejea katika jina la Shirika la Utangazaji la Kenya. Kisha milango ikafunguka: Capital FM ilianza mwaka 1996, na Kameme FM ikaja mwaka 2000 kwa Kikuyu. Baadaye Wameru wakapata Muuga FM, na Waembu na Wambeere wakapata Wimwaro FM, zote mbili zikiwa mali ya kampuni ya Royal Media Services yenye makao yake Nairobi.

Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini ndani ya furaha ile mlikuwa na ufa ambao hatukuuona. Redio za hapa kwetu hutangaza kwa Kimeru au kwa Kiembu, nazo hutafuta nyimbo za lugha hizo. Redio za Kiswahili ziko Nairobi, kilomita zipatazo 225 kutoka Meru, nazo hutafuta majina ambayo Nairobi inayajua tayari. Kijana wa Majengo, ambaye baba yake ni wa kabila hili na mama yake ni wa kabila lile, na ambaye anaota kwa Kiswahili, anaanguka katikati. Huku ataambiwa wimbo wake si wa lugha ya kituo, na kule ataambiwa yeye hajulikani. Wala kanuni za utangazaji za mwaka 2009, zilizovitaka vituo viwe na angalau asilimia 40 ya vipindi vya nyumbani, hazimsaidii. Nyota wa Nairobi naye ni Mkenya. Kituo chaweza kutimiza hesabu hiyo na zaidi kwa kurudia nyimbo kumi za watu watano, na kisivunje sheria hata kidogo.

Je, tukae tukilalama? La. Nitamwambia kijana yale ambayo ningependa niwe nilimwambia darasani.

Kwanza, aujue mlango. Mtangazaji ambaye sauti yake tunaijua mara nyingi siye mwenye uamuzi. Katika vituo vingi yuko msimamizi wa muziki au wa vipindi, ambaye huzisikiliza nyimbo mpya na kuzipanga. Huyo ndiye wa kuandikiwa barua, tena barua fupi yenye adabu: mimi ni fulani, natoka mahali fulani, wimbo wangu unahusu jambo fulani, na wasikilizaji wako wataupenda kwa sababu hii. Sisi walimu wa lugha tunafundisha barua rasmi kila mwaka kana kwamba duniani hakuna barua nyingine ila ile ya kuomba kazi ya ukarani. Hii nayo ni barua rasmi.

Pili, wimbo wenyewe uwe safi kwa sauti na kwa maneno. Nakala iliyopigwapigwa kutoka simu hadi simu haifai. Apeleke ile iliyotoka studio, yenye jina la mwimbaji, la mtunzi na la mtayarishaji, na nambari ya simu. Kijana wangu alikuwa ameuhifadhi wimbo wake kwa jina la "mpya mwisho kabisa 2". Hata mtangazaji mwema angelitaja jina gani usiku ule? Ikiwa mna neno la lugha ambayo msimamizi haifahamu, aandike tafsiri yake. Kanuni za utangazaji zinavikataza vituo kutangaza maneno yasiyofaa watoto kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa nne usiku, na msimamizi mwenye shaka huona ni heri auweke kando wimbo kuliko kujitia katika mashaka.

Tatu, na hapa ndipo vijana wengi hujikwaa, aanzie kwenye mlango mdogo. Kila mmoja anataka kusikika Nairobi kabla ya kusikika kwao. Huko Tigania, katika kaunti hii ya Meru, iko redio ya jamii iitwayo Mugambo Jwetu, yaani Sauti Yetu. Kituo cha jamii hakitegemei matangazo ya kampuni kubwa kwa kadiri ya vituo vya biashara, na kazi yake kisheria ni kuihudumia jamii inayokizunguka. Wimbo uliopigwa hapo na kuombwa tena na wasikilizaji una ushahidi wa kwenda nao mbele.

Kuombwa na wasikilizaji si jambo la kudharau. Wa umri wangu wanakumbuka vipindi vya salamu vya Idhaa ya Taifa, na zile kadi zilizotumwa kwa posta kutoka kila pembe ya nchi, mtu akimsalimu shemeji yake na jirani zake na kuchagua wimbo. Kadi zimepungua na simu zimeingia, lakini desturi haijafa. Watu kumi wa Majengo wakiuomba wimbo kwa sababu wanaupenda kweli, mtangazaji atauliza ni wa nani. Nasema kwa sababu wanaupenda kweli. Kuwalipa vijana waombe ni hongo ileile iliyovaa kanzu.

Nne, aandikishe haki yake kabla hajaupeleka wimbo popote. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ina daftari la kazi za sanaa, na viko vyama vinavyokusanya ada kutoka kwa vituo na kuwagawia watunzi, waimbaji na watayarishaji. Kumekuwa na mizozo mingi kuhusu leseni za vyama hivi, chama kikongwe cha MCSK kikiwamo, kwa hiyo aulize bodini ni kipi chenye leseni mwaka huo kabla ya kutia sahihi. Malalamiko ya wanamuziki kuhusu udogo wa fedha wanazopata ni ya kweli, na yanastahili makala yake peke yake. Lakini asiyeandikishwa hana hata pa kulalamikia.

Nakuja sasa kwa hizo shilingi elfu tatu. Yako mazungumzo kwamba kila mtu anafanya hivyo, na kwamba ndiyo biashara. Marekani nao walisema hivyo. Mwaka 1959 Alan Freed, mtangazaji aliyekuwa miongoni mwa mashuhuri kabisa nchini humo, alipoteza kazi katika kashfa ya watangazaji kulipwa kwa siri ili wapige santuri fulani. Mwaka 1960 sheria ilibadilishwa kuyakataza malipo hayo ya siri, na mwaka 1962 Freed alikiri makosa ya hongo akatozwa faini. Alikufa mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka 43. Hapa kwetu, Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 haiwagusi watumishi wa serikali peke yao. Inazigusa na kampuni za watu binafsi, nayo humwadhibu mtoaji na mpokeaji pia. Wenye vituo wakitaka kuuza nafasi hewani, wauze mchana, kwa risiti, na wamwambie msikilizaji kwamba hilo ni tangazo la kulipiwa. Anayepokea kwa mlango wa nyuma anamwibia kijana, na anamwibia pia mwajiri wake.

Ninalo ombi moja kwa wakuu wa vituo vya Meru na Embu. Watenge saa moja kwa juma, saa ya jioni, si ya usiku wa manane, kwa nyimbo ambazo hazijapata kupigwa redioni kamwe, za lugha yoyote inayosemwa katika kaunti hizi, Kiswahili cha Majengo kikiwamo. Kila mwimbaji atajwe jina na mtaa wake. Saa moja kati ya saa 168 za juma haitamfilisi mtu.

Na nyinyi walimu wenzangu, kuna Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927. Kila mwaka tunawakesha watoto wetu kwa mazoezi, tunatunga nyimbo kuhusu ukame na barabara na umoja, tunashindania vikombe, kisha nyimbo hizo tunazizika kabatini pamoja na vyeti. Ni wangapi kati yetu wamewahi kumwalika mtangazaji wa kituo cha karibu aje na kinasa sauti siku ya mashindano ya kaunti? Gharama yake ni barua moja na kikombe cha chai, na chai hii ninayoisema ni ile inayonyweka.

Kijana wangu na mimi tuliketi jioni mbili tukaiandika barua yake. Aliubadili jina wimbo, akaandika tafsiri ya yale maneno ya Kimeru, akaenda mwenyewe kituoni mchana, akiwa amevaa shati alilopigiwa pasi na mama yake. Msimamizi wa muziki, mwanamke wa makamo, aliusikiliza mpaka mwisho, akamwambia ngoma imeifunika sauti katika ubeti wa pili. Amerudi studio kuirekebisha. Fundi amekubali kulipwa kidogo kidogo.