Mzee mmoja, kliniki moja: barua ya wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri za Wilaya za Karagwe na Kyerwa

Ndugu Wakurugenzi,

Nawaandikia kuhusu wazee wa Kayanga, Omurushaka na Nkwenda. Miji yetu inakua, lakini vijana wengi wamekwenda Mwanza na Dar es Salaam, na nyumbani wamebaki bibi na mjukuu wa shule. Bibi ana presha, ana sukari, macho yanafifia. Leo anapanda bodaboda kwa ajili ya presha, siku nyingine kwa ajili ya macho. Akipewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bukoba, anafika na karatasi iliyokunjwa, anaulizwa upya dawa anazomeza, naye anataja rangi ya vidonge.

Tangu 2003, Sera ya Taifa ya Wazee inatambua haki yake ya kutibiwa. Dirisha la wazee hospitalini nalo linampunguzia foleni. Safari zimebaki zilezile.

Kagera tunajua kumfuatilia mgonjwa wa muda mrefu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983, na wengi wa wazee hawa ndio waliolea yatima. Kliniki za CTC, za matunzo na tiba kwa wenye VVU, zimetuzoesha kwamba mgonjwa ana namba na tarehe, na asipofika anatafutwa. Mwenye presha asipofika, anatafutwa na nani? Utafiti wa Dar es Salaam na Uganda uliochapishwa 2023 ulijaribu kuwahudumia wenye VVU, kisukari na presha katika kliniki moja, na udhibiti wa VVU haukuzorota.

Naomba basi siku moja na kliniki moja kwa maradhi yote ya mzee, na kumbukumbu zake zisomeke kwenye kompyuta kuanzia zahanati hadi hospitali za Nyakahanga na Bukoba. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapewe vipimo vya presha na sukari, wawafuate wazee nyumbani na kutuma majibu kwa simu. Mzee asidaiwe simu janja: akumbushwe kwa sauti, kwa Kinyambo, hata kupitia simu ya jirani.

Halafu kuna m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito. Mjamzito akizidiwa, 115 inapigwa bure na dereva anatafutwa. Babu aliyepooza ghafla upande mmoja naye anahesabiwa saa. Ombeni Wizara ya Afya iwaruhusu kujaribu huduma hiyo kwa wazee.

Anzeni na kata mbili, Kayanga na Nkwenda. Tengeni fungu katika bajeti ijayo, na mtujibu hadharani kwenye mabaraza ya madiwani.

Wenu,
Mkazi wa Karagwe