Volti, Ampea na Maneno ya Barazani

Hesabu yenyewe ni fupi. Gawa volti kwa ampea, unapata ukinzani kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, unapata wati. Pasi inayovuta ampea 4.35 kwenye umeme wa volti 230 ina ukinzani wa omu 53 hivi na nguvu ya wati 1,000. Mwanafunzi wa sekondari anaimaliza kabla wino haujakauka. Ajabu ni kwamba hesabu nyepesi namna hii imezaa madai mengi yasiyo na miguu, na baadhi yake yanawatoa watu pesa mfukoni.

Dai la kwanza: kitu chenye ukinzani mkubwa hula umeme mwingi, kwa kuwa umeme unahangaika kupita. Dai hili lina chembe ya ukweli, ndiyo maana haliishi. Mwingereza James Joule alionyesha katika miaka ya 1840 kwamba joto la waya huongezeka kadiri ukinzani unavyoongezeka, lakini hapo mkondo, yaani ampea, umeshikiliwa palepale. Kwenye soketi ya nyumbani mambo ni kinyume: kinachoshikiliwa ni volti, na mkondo ndio unaoamuliwa na kifaa. Ukinzani ukipanda, mkondo unashuka, na wati zinashuka nao. Jagi la kuchemshia maji la wati 2,000 lina omu 26 hivi. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka ina omu 882. Kwa mantiki ya dai hili, balbu ndiyo ingetumaliza.

Kwa hiyo kabla ya kushika kikokotoo, uliza kwanza kipi hapa hakibadiliki. Swali hilo lilimsumbua hata Georg Ohm mwenyewe, mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani. Betri za wakati wake zilikuwa zikipungua nguvu katikati ya jaribio, na vipimo vikamchezea. Akaziacha, akaunganisha metali za bismuthi na shaba, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu inayoyeyuka. Tofauti hiyo ya joto ilimpa umeme mdogo lakini uliotulia, na mwaka 1827 akachapisha kitabu chenye kanuni inayobeba jina lake.

Dai la pili ni la mafundi zaidi: pima omu za kifaa kwa mita, piga hesabu, utajua wati zake. Jaribu kwa balbu ile ile ya wati 60. Ikiwa baridi, mita itakuonyesha omu 65 au karibu na hapo. Zidisha 230 kwa 230, gawa kwa 65, unapata zaidi ya wati 800! Mita haijadanganya. Waya wa tungsteni unapowaka hufika nyuzi 2,500 hivi za Selsiasi, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana pia balbu hizo hupenda kuungua pale tu unapobonyeza swichi, mkondo wa kwanza ukiwa mkali. Kwa pasi na jagi njia hiyo inafaa, kwa sababu waya wa nikromu haubadiliki sana ukipata moto. Kwa balbu ya LED au chaja ya simu haina maana kabisa, na kwa friji hata kuzidisha volti kwa ampea hakutoshi: mkondo wa mota hauendi sambamba na volti, kwa hiyo friji inayovuta ampea 1 inaweza kuwa inatumia wati 150 tu, si 230.

Dai la tatu ndilo la hasara zaidi, hasa kwa wenye sola: volti 12 ni kidogo, waya wowote unatosha. Chukua inveta inayogeuza umeme wa betri ya volti 12 kuwa wa volti 230 na kutoa wati 600. Upande wa volti 230 inatoa ampea 2.6. Upande wa betri inahitaji ampea 50, tena bila kuhesabu inachopoteza yenyewe. Sasa mtu anaiunganisha kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ule wa kawaida wa soketi, mita 5 kwenda na 5 kurudi. Ukinzani wake wote ni omu 0.074, namba ambayo mita ya bei nafuu haiwezi hata kuisoma vizuri. Zidisha kwa ampea 50: volti 3.7 zimepotea njiani, na wati 185 zimekuwa joto ndani ya waya. Inveta inaona volti 8 na ushei, inapiga kelele na kuzima. Fundi anasema betri imekufa. Mwenye nyumba ananunua mpya, na inveta inazima vilevile. Waya huo huo ukibeba ampea 2.6 hupoteza nusu wati tu, na kwa sababu hiyo hiyo njia kuu za gridi ya Tanzania husafirisha umeme kwa kilovolti 132, 220 na 400.

Dai kwamba jagi la wati nyingi linamaliza LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, haraka zaidi halihitaji maneno mengi kulikanusha. Lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka inahitaji uniti (kilowati-saa) 0.09 hivi. Jagi la wati 2,000 linazitumia kwa dakika mbili na nusu, la wati 1,000 kwa zaidi ya dakika tano, huku likipoteza joto muda mrefu zaidi.

Na umeme ukiwa hafifu, je, tunalipa kidogo? Kwa volti 200 jagi la wati 2,000 linashuka hadi wati 1,500 hivi, lakini maji yanataka joto lile lile, kwa hiyo linachelewa tu. Friji haina subira hiyo. Volti zikishuka mno, kompresa inashindwa kuzunguka, na mota iliyokwama huvuta mkondo mara kadhaa ya kawaida yake mpaka nyaya zake za ndani zinaungua. Taa zikififia jioni, jagi liache lijikongoje. Friji ndiyo ya kuchomoa.