Kiu ya shangingi huamuliwa kiti cha nyuma
NJIANI, na Abeid Mkelenga

Land Cruiser ya toleo la 200, ile ambayo Watanzania wengi huiita V8 tu, ilitengenezwa kuanzia mwaka 2007 hadi 2021. Yenye tangi kuu na tangi la pili hubeba lita 138. Mwaka 2022 bei ya petroli na dizeli nchini ilipovuka Sh3,000 kwa lita, fulutenki ya gari hilo ilizidi Sh414,000. Mwezi Julai mwaka huohuo kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kufika Sh370,000. Maana yake mhudumu wa ofisi aliyefungua geti asubuhi alikuwa analipwa kwa mwezi mzima fedha zisizotosha kujaza gari lililopita mbele yake.

Mjadala wa mashangingi huzuka kila bei ya mafuta inapopanda, kisha hupoa bei ikishuka. Ukizuka, haukawii kuishia kwenye ukubwa wa injini. Ni kweli injini ni kubwa: zipo za petroli za lita 4.6, 4.7 na 5.7, na ipo ya dizeli ya lita 4.5 yenye turbo mbili. Lakini injini hiyohiyo, chini ya boneti hilohilo, inaweza kwenda kilomita tano na nusu kwa lita au kukaribia nane. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, liliipa ile ya petroli ya lita 5.7 ya mwaka 2016 takriban kilomita 5.5 kwa lita mjini na 7.6 barabara kuu. Nchini Australia, ya dizeli ilipewa rasmi lita 9.5 kwa kilomita 100, yaani kilomita 10 na nusu kwa lita. Vipimo hivyo hufanyika maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya mashine. Huko hakuna foleni ya Ubungo wala matuta ya Gairo.

Tofauti kati ya kipimo cha maabara na kinachotokea barabarani kwetu ni kubwa, na sehemu nzuri ya tofauti hiyo huamuliwa na mtu mmoja. Fundi ana sehemu yake, dereva ana yake, ila mwenye kauli ya mwisho ni bosi aliyekaa kiti cha nyuma.

Tuanze na uzito, kwa sababu ndio unaoeleweka vibaya kuliko yote. Gari hili lina uzito wa kilo 2,700 hivi kabla abiria hawajapanda. Toyota IST, ambayo imejaa mitaa yetu, ina kilo elfu moja na kidogo. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo usiobadilika, uzito haumalizi mafuta sana. Unayamaliza pale gari linaposimama na kuondoka tena. Kila dereva anapokanyaga breki, nguvu iliyonunuliwa sheli inageuka joto kwenye diski na kupotelea hewani. Hesabu yake haina ugumu: shangingi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, likipunguza hadi karibu kusimama juu ya tuta kisha likarudi mwendo uleule, huchoma mililita 80 hivi za petroli kwa kazi hiyo tu. Hicho ni kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo vya barazani, kimemwagwa juu ya tuta. IST ingemwaga chini ya nusu yake.

Sasa ahesabu mwenyewe anayeifahamu barabara ya Dar es Salaam kwenda Dodoma: matuta ya kila kijiji, vibao vya 50, askari, malori yanayopanda taratibu. Dereva mzuri huliona tuta mapema, akaondoa mguu kwenye mafuta mita 300 kabla, akaliacha gari lijipunguze lenyewe kwenye gia. Dereva aliyeambiwa awahi kikao hukanyaga mafuta mpaka mwisho, hufunga breki juu ya tuta, kisha hukanyaga tena. Idara ya Nishati ya Marekani inasema uendeshaji wa namna hiyo hupunguza kilomita kwa lita kwa asilimia 15 hadi 30 barabara kuu, na asilimia 10 hadi 40 kwenye foleni za simama-nenda. Hakuna kifaa kinachouzwa Kariakoo kitakachookoa kiasi hicho.

Kuna imani moja ya madereva inayofaa kusahihishwa hapa, kwa kuwa ina hatari. Wengi huweka gia huru wakiteremka, wakiamini wanabana mafuta. Kwenye injini za kisasa zinazodhibitiwa na kompyuta ni kinyume chake. Gari likiteremka likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa na injini huzungushwa na magurudumu. Ukiweka gia huru, injini inalazimika kunywa mafuta ili isizimike. Anayeshuka Mlima Kitonga kwa gia huru na gari la tani tatu anapoteza mafuta na anazichosha breki kwa wakati mmoja.

Baada ya uzito, upepo. Land Cruiser ina upana wa karibu mita mbili na kimo cha karibu mita 1.9, na uso wake umesimama wima. Nguvu ya hewa inayoisukuma nyuma haiongezeki sambamba na mwendo, huongezeka kwa mraba wake. Kutoka kilomita 80 kwa saa kwenda 120, mwendo umeongezeka mara moja na nusu, lakini hewa sasa inakinza mara mbili na robo. Gari dogo na la chini halipati adhabu kali namna hiyo. Juu ya gari hili mara nyingi hufungwa keria, na mbele ngao ya chuma. Sanduku kubwa la mizigo juu ya paa, kwa takwimu za idara hiyohiyo ya Marekani, linaweza kula asilimia 10 hadi 25 ya mafuta kwenye mwendo mkubwa. Keria tupu hula kidogo kuliko hapo, ila hula kila siku. Magari mengi ya ofisi yana keria ambazo hazijawahi kubeba hata godoro.

Upepo wa tairi hauhitaji maneno mengi. Tairi zikipungua pauni kumi, mafuta yanayopotea ni kama asilimia mbili. Sababu kubwa zaidi ya kuzipima ni maisha ya waliomo ndani.

Jambo linaloumiza kuliko yote halihusiani na mwendo wala mzigo, kwa sababu gari lenyewe halitembei. Nje ya kumbi za mikutano Dodoma, Arusha au Dar es Salaam, mpita njia huyakuta magari haya yamepangwa kivulini, vioo vimepandishwa, injini zinaunguruma, maji ya kiyoyozi yanadondoka chini na kutengeneza vidimbwi. Dereva amelaza kiti, simu mkononi. Ukimuuliza kwa nini hazimi, jibu ni lilelile: mheshimiwa akitoka asikute joto. Vipimo vya Marekani vinaonyesha injini ya petroli ya lita 4.6 ikiunguruma bila kazi yoyote hunywa karibu lita moja na nusu kwa saa. Kiyoyozi huongeza juu ya hapo. Ya dizeli hunywa pungufu, lakini nayo hainywi maji. Semina ya saa tano, basi, ni lita saba na nusu kwa uchache, mafuta yanayotosha kulipeleka gari hilohilo zaidi ya kilomita 50 kwenye barabara kuu. Zidisha kwa magari 20 yaliyopangwa uani.

Madereva hujitetea kwamba kuwasha upya hula mafuta mengi. Kwa injini za sasa hilo si kweli. Kuwasha tena hula kama mafuta ya sekunde kumi za kuunguruma. Utetezi mmoja wa haki upo: gari la turbo lililotoka kupanda mlima liachwe lipumue dakika moja au mbili kabla ya kuzimwa. Dakika mbili zinatosha. Joto la ndani nalo hupoa kwa dakika chache vioo vikishushwa kwanza ili hewa ya moto itoke. Dereva anayajua haya yote. Anachokosa ni ruhusa, na ruhusa hiyo anayo mtu mmoja tu.

Gereji nako kuna la kusema. Gari likianza kunywa kupita kawaida, fundi wa mtaani hukimbilia kubadilisha chujio la hewa na plagi. Utafiti wa maabara ya Oak Ridge ya Marekani, mwaka 2009, uligundua kwamba kwenye injini za petroli zinazodhibitiwa na kompyuta, chujio chafu hupunguza nguvu ya kuchomoka ila halibadilishi unywaji wa mafuta kwa kiasi cha kuhesabika. Kinachoweza kuleta balaa ni kihisio cha oksijeni kilichokufa kwenye bomba la moshi. Kukirekebisha kunaweza kurudisha hadi asilimia 40. Taa ya injini inayowaka kwenye dashibodi miezi sita, huku ofisi ikisubiri kifungu cha matengenezo, ni mafuta yanayomwagika hivyohivyo.

Halafu kuna themostati. Mafundi wetu wengi huing'oa na kuitupa wakiogopa gari lisichemshe. Bila themostati, injini huchelewa kupata joto lake, na kwenye baridi ya Njombe au Lushoto huenda isilipate kabisa. Kompyuta hudhani gari ndiyo kwanza limewashwa asubuhi, ikaendelea kulimiminia petroli ya ziada safari nzima. Kifaa kinachouzwa bei ndogo kuliko fulutenki moja hutupwa chini ya benchi la gereji, na mwenye gari analipa kwa miaka.

Watengenezaji wamejitahidi upande wao. Toleo la 300 lililokuja mwaka 2021 limepunguzwa takriban kilo 200, limepewa injini za V6 na gia kumi, na Australia limepimwa lita 8.9 kwa kilomita 100 za dizeli badala ya 9.5. Hiyo ni hatua ya asilimia sita, na inastahili pongezi. Lakini bosi mmoja mwenye haraka, akitaka mwendo wa 130 badala ya 100, anaifuta hatua hiyo kabla ya kufika Chalinze. Kwa hiyo hoja ya "tununue mapya yanabana mafuta", ambayo husikika kila msimu wa bajeti, haitoshi.

Majirani wamejaribu njia nyingine. Kenya, kwenye bajeti ya Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, aliwawekea mawaziri kikomo cha injini ya sentimita za ujazo 1,800, na Serikali ikanunua Volkswagen Passat. Baadhi walinung'unika wazi kwamba magari hayo hayawafai. Rwanda ilikwenda mbali zaidi katika miaka hiyo ya 2000: iliyaondoa magari makubwa mikononi mwa maofisa, ikayauza, ikaweka utaratibu wa mkopo ili ofisa anunue gari lake na alipie mafuta yake. Kwetu, Dk Mwigulu Nchemba akiwa Waziri wa Fedha alilizungumzia wazo linalokaribiana na hilo kwenye hotuba ya bajeti ya Juni 2022. Safu hii inaiona njia ya Rwanda kuwa bora kuliko ya Kenya, kwa sababu inamgusa mtu mfukoni. Anayelipia mafuta mwenyewe hafundishwi kuzima injini.

Hii haina maana kwamba shangingi halina kazi. Daktari anayekwenda Kigoma vijijini wakati wa masika, ofisa wanyamapori wa Katavi, mhandisi anayekagua madaraja Ruvuma, hao wanalihitaji na wapewe bila masharti. Barabara zao ndizo gari hili lilizoundiwa. Lisilo na utetezi ni gari la tani tatu kumpeleka mtu mmoja kutoka Mtumba hadi katikati ya Dodoma kwenye lami.

Na hiyo safari ya Dar es Salaam kwenda Dodoma imepata jawabu lake. Kuipandisha Land Cruiser kutoka usawa wa bahari hadi mita zaidi ya 1,100 za Dodoma kunachoma lita tatu na ushee kwa kuupinga mvutano wa ardhi tu, kabla ya kuhesabu upepo, matuta na kiyoyozi. Safari nzima ya kilomita 450 ni lita zisizopungua 60 kwa gari la petroli, yaani Sh180,000 kwa bei ya Sh3,000, kwenda tu. Tangu Julai 2024 treni ya umeme ya SGR inafanya safari hiyo kwa muda wa saa nne au karibu na hapo. Hata hivyo bado zipo safari ambazo bosi anatangulia kwa ndege na gari linamfuata tupu kwa barabara, ili akashuke nalo huko.

Kila gari la umma lina kitabu cha safari kinachoandikwa kilomita na lita. Vitabu hivyo hufungiwa kabatini. Wizara ya Fedha ianze kuvikusanya na kutangaza kila robo mwaka, ofisi kwa ofisi: gari limekwenda kilomita ngapi, limekunywa lita ngapi, na lilikuwa likimtumikia mwenye cheo gani. Wabunge, ambao ndio wanaoidhinisha fedha za mafuta hayo, wadai takwimu hizo kabla ya kupitisha kifungu kingine.