SINDANO YA JOTO NA SAHIHI YA FUNDI



Mtu wa Tezo akiwa shambani, au kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi, husikia mlio wa ndege ndogo ikipita juu. Huinua macho, kisha hurudi kwenye kazi yake. Ni wachache wetu wanaokumbuka kwamba nyuma ya mlio ule yuko fundi, na pengine ni kijana wa hapa hapa kwetu, aliyeinama juu ya injini ile tangu alfajiri na spana mkononi. Leo twataka kusema habari za fundi huyo, na habari za kitu kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, ambacho kimewaletea wenzetu taabu kubwa. Kitu chenyewe ni sensa ya joto ya injini.

Wanachama wengi hawafanyi kazi ya ndege, kwa hiyo na tuanze na maelezo. Nyingi katika ndege hizi nyepesi za watu wawili huendeshwa na injini ya Rotax 912, itengenezwayo Austria, yenye silinda nne na nguvu za farasi 80 au 100. Silinda zake hupozwa kwa upepo, lakini hedi zake hupozwa kwa maji. Katika hedi mbili, ya pili na ya tatu, hufungwa sensa za joto. Sensa hiyo ikipata joto hupitisha umeme zaidi, na sindano ya geji iliyo mbele ya rubani hupanda. Ikipoa, sindano hushuka. Kazi yake ni ile ile ya kipima homa cha daktari.

Sasa sikilizeni yaliyompata mwenzetu mmoja katika kiwanja kimoja cha pwani hii, Desemba 2024, siku za wageni wengi. Ndege ilirudi, rubani akasema sindano ya hedi ya tatu ilipanda karibu na mstari mwekundu. Mwenye kazi hakutaka maneno mengi. Alisema, "Badilisha sensa, weka sahihi, wageni wanangoja." Mwenzetu alibadilisha sensa. Injini ikawashwa, sindano ikapanda vile vile. Akabadilishana nyaya, wa sensa ya pili akautia ya tatu, na wa ya tatu akautia ya pili. Joto likahamia kwenye geji ya pili. Maana yake ni wazi: geji ni nzima, nyaya ni nzima, sensa ni mpya. Hedi ya tatu ina moto kweli.

Akasema, "Bwana, ndege hii haifai kuruka." Akajibiwa kwamba geji za ndege hizi ni waongo siku zote. Alipokataa kutia sahihi, aliambiwa aende nyumbani, na kwa siku tatu hakupata ujira. Siku ya nne fundi mwenye leseni aliyetoka mbali aliifungua injini, akakuta mpira upelekao maji kwenye hedi ile umekunjika na kubanwa, maji yakipita kwa shida. Mpira ulibadilishwa, sindano ikatulia. Ndege iliruka salama, na hakuna aliyemwita mwenzetu kumwambia hata pole.

Ndugu, hatusemi kwamba kila sindano ikipanda ni moto. Lazima tuseme haki pande zote mbili. Katika kiwanja kingine sindano ilikuwa ikirukaruka, na ilizidi kila rubani alipoongea kwenye redio. Zilinunuliwa sensa tatu mfululizo, na zote tatu zilikuwa hazina haja. Ugonjwa ulikuwa kwenye waya wa athi, ule unaorudisha umeme kutoka bodi ya injini hadi kwenye betri. Chumvi ya bahari iliula mpaka shaba ikawa kijani. Fundi aliyekwangua kutu na kufunga nati upya alimaliza kazi kwa nusu saa. Hapo fedha za mwenye kazi zilipotea, na kosa lilikuwa la mafundi, kwa kuwa walibadilisha kabla ya kupima.

Basi yatupasa sisi mafundi tuwe na desturi moja, wala si kila mtu na kubahatisha kwake. Kwa geji za sindano zenye sensa za waya mmoja, mambo ni haya. Waya ukikatika, sindano hulala kwenye baridi. Waya ukichubuka ukagusa chuma, sindano hukimbilia juu kabisa mara moja. Geji zote zikipanda pamoja taa au redio inapowashwa, tazama athi kwanza. Lakini sindano ikipanda polepole na kushuka polepole, jinsi chuma kinavyopata moto na kupoa, usiseme geji ni mwongo mpaka umethibitisha.

Sensa yenyewe hupimwa kwa birika la maji na kipima joto. Hapa pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100. Mwenzetu aliyejifunza kazi Nairobi akumbuke kwamba kule juu, meta 1,700 hivi, huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, asije akaitupa sensa nzima. Na unapofunga sensa mpya usizungushe utepe wa plastiki kwenye hesi zake, kwa sababu umeme hurudi kwa njia ya hesi hizo. Ukizifunika, umejitengenezea ugonjwa mpya kwa mkono wako. Wala usikaze kwa hasira. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa katika kitabu cha injini.

Liko na jambo jingine ambalo si kila fundi ameambiwa. Tangu mwaka 2013 injini hizi zilianza kutoka na hedi za namna mpya. Hedi za zamani zilipima joto la chuma, na mwisho wake kwa injini ya farasi 100 ulikuwa nyuzi 135. Hedi mpya hupima joto la maji yenyewe, na mwisho wake ni nyuzi 120. Akifunga mtu hedi mpya akaiacha geji na alama nyekundu ya zamani, rubani ataona yuko salama hali amekwisha kupita mpaka. Tena maji yakikauka kabisa, sensa ya maji hubaki hewani, na sindano yaweza kushuka wakati injini inaungua. Twauliza: fundi atajuaje haya ikiwa kitabu kimefungiwa kabatini kwa mwenye kazi?

Hapo ndipo shauri letu lilipo. Nchini Kenya kazi ya ndege huthibitishwa kwa sahihi ya fundi aliyepewa leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Lakini mikono inayofanya kazi ni mingi kuliko sahihi, na mingi ni ya vibarua na wasaidizi. Mambo yakienda vizuri hawatajwi. Yakiharibika wao ndio wa kwanza kuulizwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mfanya kazi aonaye hatari kubwa amwarifu mkubwa wake, na yamkataza mwenye kazi kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Siku tatu bila ujira kwa kusema kweli ni uonevu, na sheria haiuruhusu.

Kwa hiyo chama chataka mambo manne. Kwanza, kitabu cha injini kiwekwe mahali ambapo fundi na msaidizi wake wataweza kukisoma. Pili, mita ya umeme, kipima joto na spana ya kipimo vinunuliwe na mwenye kazi, si kutoka mfukoni mwa kibarua. Tatu, kila sensa inayobadilishwa iandikwe: ya zamani ilipimwa vipi, ugonjwa ulikuwa nini, na nani aliyefanya. Nne, ndege ikizuiwa kwa ajili ya usalama, ujira wa mafundi usikatwe. Mtu ambaye chakula cha watoto wake kinategemea ndege kuruka, amewekwa katika majaribu yasiyomfaa mtu yeyote.

Nanyi wanachama wa malori, matatu na pampu za maji, msiseme haya ni ya watu wa angani. Dereva wangapi wameambiwa, "Endesha tu, geji hiyo imekufa"? Lori likichemka, dereva huegesha kando ya barabara, akangoja. Ndege haina pa kuegesha.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Sensa ya joto haibadilishwi ili sindano inyamaze. Hubadilishwa ikiwa imethibitika kuwa mbovu. Na sahihi ya fundi haiwekwi ili wageni wasingoje. Huwekwa kwa sababu kazi imekwisha, nayo ni salama.

Jambo la mwenzetu na siku zake tatu litaletwa mbele ya mkutano wa tawi. Mwenye ushahidi wa namna hiyo aje nao, na aje na tarehe. Mtu mmoja akikataa sahihi ya uongo, huitwa mkaidi. Tukikataa sote, itakuwa ndiyo desturi ya kazi.

Umoja ni nguvu.