Wataalamu Waende Penye Kazi

Wakitajwa walinzi wa taifa, wengi wetu huwafikiria askari na bunduki zao. Lakini wapo walinzi wengine: mkemia, mtaalamu wa vijidudu, mganga wa mifugo, mhandisi wa hewa na maji. Adui akikusudia kuua watu kwa sumu badala ya risasi, hao ndio wanaoitwa. Yafaa wafanyakazi waifahamu kazi yao, maana sumu ya namna hiyo mara nyingi humfikia mfanyakazi kabla ya kumfikia mkubwa aliyekusudiwa.

Yaliyotokea Marekani mwaka 2001 ni ushahidi wa kutosha. Mnamo Septemba na Oktoba unga wa vijidudu vya kimeta ulitiwa ndani ya bahasha, zikapelekwa kwa njia ya posta kwenye vyombo vya habari na kwa maseneta wawili. Kimeta si ugonjwa mgeni kwa wafugaji wetu. Wanajua hatari ya kumchuna ng'ombe aliyekufa kwa maradhi hayo. Vijidudu vyake hujifunga katika ganda gumu na kukaa udongoni miaka mingi bila kufa. Ganda hilo ndilo lililomfaa mhalifu. Watu 5 walikufa, na wengine 17 waliugua.

Tarehe 15 Oktoba barua mojawapo ilifunguliwa katika ofisi ya Seneta Tom Daschle, mjini Washington. Siku ile ile watumishi waliokuwa karibu walianza kupimwa na kupewa dawa. Lakini barua hiyo ilikuwa imepita kwanza katika kituo cha posta cha Brentwood, chenye wafanyakazi zaidi ya 2,000. Hao waliachwa waendelee na kazi, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba bahasha iliyofungwa haivujishi. Kituo hakikufungwa mpaka tarehe 21. Wafanyakazi wawili, Thomas Morris na Joseph Curseen, walikwisha kuvuta vijidudu hivyo. Mmoja alikufa siku hiyo, na mwenzake kesho yake.

Kosa lilikuwa wapi? Elimu ya kimeta ilikuwapo. Iliyopungua ni elimu ya kazi yenyewe. Mashine ya kuchambua barua huzibana bahasha na kuzipitisha mbio, na unga laini hupenya katika vitundu vidogo vya karatasi. Tena mashine hizo zilikuwa zikisafishwa kwa kupulizwa hewa, na hewa hurusha vumbi. Mambo hayo hayakuwa siri kwa watu waliozitumia mashine kila siku. Mtaalamu aliyekijua kijidudu hakuijua mashine, na aliyeijua mashine hakuulizwa.

Baada ya msiba, sayansi ilionyesha nguvu yake. Jengo la Hart la maseneta na kituo cha Brentwood vilifukizwa gesi ya klorini dioksidi, dawa ambayo pia hutumika kusafisha maji. Wataalamu hawakutangaza usalama kwa maneno matupu. Walitega ndani vipande vyenye vijidudu visivyodhuru watu, wakatazama kama gesi imeviua. Jengo la Hart lilifunguliwa Januari 2002. Brentwood, ambacho ni kikubwa zaidi, kilifunguliwa Desemba 2003, kikapewa majina ya wale marehemu wawili. Heshima hiyo ni njema, lakini dawa ya mapema ingalikuwa njema zaidi.

Liko na funzo la pili. Wapelelezi wa Marekani walimshuku mwanasayansi wa maabara ya jeshi lao wenyewe, aliyekufa mwaka 2008 kabla ya kushtakiwa. Mwaka 2011 jopo la wanasayansi likasema kwamba ushahidi wa maabara peke yake hautoshi kuthibitisha vijidudu vilitoka wapi. Basi elimu hii ni kisu chenye makali. Taifa lahitaji wataalamu wengi, na waaminifu, wenye kuchungana wao kwa wao.

Kwa hiyo twasema hivi. Mzazi mfanyakazi asimkatishe tamaa mwanawe anayependa kemia au elimu ya viumbe kwa kudhani kwamba masomo hayo ni ya watu wengine. Aliyelelewa na mchukuzi wa bandarini au mpangaji wa barua ataingia maabara akijua vumbi hurukaje na mikono hushika nini. Na kila mtaalamu atakayeitwa kusema kwamba mahali fulani ni salama, na aende kwanza penye kazi, aitazame mashine ikizunguka, amwulize anayeiendesha. Hatari ikitokea, mchagua barua apimwe siku ile ile anayopimwa karani wa seneta. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa Brentwood ulikuwa mdogo kama kitundu cha karatasi.